Mwenye OCD Anapokuwa Mkali na Kuanza Kutaja Kifo: Mwongozo Kamili kwa Wanaoishi Naye

Mwongozo huu ni wa anayeishi na mtu mwenye OCD, ule ugonjwa wa mawazo ng'ang'anizi na matendo ya kurudiarudia. Awe mke, mume, mzazi, ndugu au rafiki mnayekaa chumba kimoja.

Malalamiko ya wasomaji kuhusu jambo hili yanafanana. Mtu wao amekuwa mkali, anapiga milango, anatukana, kisha usiku anasema heri afe. Nyumba nzima inahangaika na ile hasira, na neno la kifo linapita hivihivi, linahesabiwa ni maneno ya mtu aliyekasirika. Kesho yake wanagombania tena muda anaokaa bafuni.

Kwa muda mrefu hata wataalamu wengi waliamini kuwa mwenye OCD hajiui kwa sababu ni mwoga wa madhara. Si kweli. Utafiti wa rejista za kitaifa za Sweden uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha zaidi ya watu 36,000 wenye OCD, ulikuta uwezekano wao wa kufa kwa kujiua ni takribani mara kumi ukilinganisha na watu wengine. Hatari hiyo ilibaki juu hata baada ya kuhesabu magonjwa mengine ya akili waliyokuwa nayo. Kilichoashiria hatari zaidi ya vyote ni mtu kuwa alishajaribu kujiua huko nyuma.

Kama hali ni ya sasa hivi

Ikiwa amesema anataka kujiua leo, ameandaa namna ya kufanya, au tayari amejidhuru, usisome hatua hizi kwa utaratibu. Piga namba ya dharura ya nchi yako au mpeleke hospitali iliyo karibu. Usimwache peke yake hata kwa dakika chache. Mengine yatasubiri.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu inafaa pia, lakini karatasi haiishiwi chaji.
- Namba za simu zilizoandikwa: watu wazima wawili au watatu anaowaamini, daktari au mwanasaikolojia wake, namba ya dharura, na namba ya msaada wa kuzuia kujiua kama nchi yako inayo.
- Orodha ya dawa zote anazotumia na dozi zake.
- Sanduku au kabati lenye kufuli.
- Mtu mzima wa pili anayejua kinachoendelea. Kazi hii ikibebwa na mtu mmoja humchosha mpaka akawa mkali yeye mwenyewe.
- Saa moja ya utulivu, wakati mgonjwa hajabanwa na tendo lake la lazima (lile analoona hana budi kulirudia) na hakuna anayetoka kwenda popote.

## Hatua ya 1: Jua hasira inatoka wapi

Hasira ya mwenye OCD ina mahali inapoanzia, na mara nyingi ni pale tendo lake linapokatizwa. Mfikirie kijana aliyesimama mlangoni saa tano usiku. Mkono uko kwenye kitasa, anakibonyeza, anakiachia, anahesabu kwa midomo. Kaka yake anapita nyuma yake na kusema, "We bado tu?" Hesabu imepotea. Lazima aanze upya, na safari hii hofu ni kubwa kuliko mwanzo kwa sababu kichwani mwake wizi au kifo cha mtu wa nyumbani kinategemea hesabu ile. Anageuka na kurusha funguo ukutani.

Ukimwangalia kwa nje ni ukorofi mtupu. Kwa ndani ni woga uliokosa pa kwenda.

Kwa wiki moja, andika mambo matatu kila hasira inapotokea: nini kilitangulia, yeye alifanya nini, ninyi mlifanya nini. Usiandike hukumu ("alinidharau"). Andika kilichoonekana ("nilizima bomba, akapiga kelele, nikamjibu"). Andika pia hali ya usingizi, pombe au dawa za kulevya, na kama dawa zake zilianzishwa au kubadilishwa karibuni.

*Kwa nini:* hasira isiyo na kichochezi, inayokuja pamoja na kutolala, kuongea mfululizo na nguvu zisizo za kawaida, inaweza kuwa ni ugonjwa mwingine, na daktari lazima ajue. Hata hasira iliyoanza siku chache baada ya kuanza dawa mpya ni taarifa kwa daktari, tena mapema.

*Umefaulu ukiweza kusema:* "Hulipuka tunapomharakisha asubuhi, na anapoulizwa mbele ya watu." Sentensi mbili zinatosha.

## Hatua ya 2: Tuliza kwanza, mengine baadaye

Akiwa amepandwa na hasira, usibishane na hofu yake. Usimweleze kwamba mlango umefungwa, mikono ni safi au Mungu hajakasirika. Ameshayasikia hayo yote, na hayajamsaidia.

Fanya hivi badala yake:

1. Punguza sauti kabla hujapunguza maneno. Kisha punguza maneno.
2. Rudi nyuma. Usimzuie mlangoni, usimshike mkono, usimnyang'anye kitu.
3. Taja unachokiona bila kulaumu: "Naona umebanwa sana. Sitakukatiza."
4. Watoto na watazamaji watoke. Aibu nayo huchochea hasira.
5. Akishatulia, mpe muda. Mazungumzo ya maana hayafanyiki dakika tano baada ya kelele.

*Onyo:* kuelewa chanzo cha hasira hakumaanishi kukubali kupigwa. Akianza kupiga watu au kuvunja vitu kuwaelekea, ondokeni, na ombeni msaada. Mwambie baadaye, kwa utulivu, kwamba ugonjwa mtausaidia lakini kupiga mtu hakuruhusiwi.

Kuna upande wa pili ambao familia hazipendi kuusikia. Uadui wa jamaa kwa mgonjwa, yaani kumdharau na kumkataa yeye kama mtu, umehusishwa katika tafiti na wagonjwa kuacha tiba katikati na kupata nafuu ndogo. Kukosoa tabia fulani bila chuki si tatizo lile lile. "Saa mbili bafuni zimetuchelewesha" ni lawama anayoweza kuibeba. "Wewe ni mzigo" ni sentensi atakayoirudia kichwani usiku, na ni sentensi hiyohiyo ambayo mtu anayefikiria kujiua huwa anajiambia.

*Umefaulu ikiwa:* mlipuko umepita bila mtu kuguswa na bila neno la kumtweza. Si lazima awe ameacha kurudia tendo lake.

## Hatua ya 3: Muulize waziwazi

Hapa ndipo wengi wanashindwa, na hushindwa kwa namna mbili. Wengine hawaulizi kabisa wakiogopa "kumpa wazo". Wengine huuliza huku wakiwa wameshachagua jibu: "Hufikirii ujinga wa kujiua, sivyo?" Atajibu, "Hapana." Ungejibu hivyo hata wewe.

Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Hili limechunguzwa mara nyingi, na wengi hupata afueni kwa kuulizwa.

Chagua muda wa utulivu, kaeni wawili tu. Mama anaweza kuanza hivi:

"Mwanangu, wiki hii nimekusikia mara kadhaa ukisema umechoka na maisha. Naomba nikuulize wazi. Umekuwa ukifikiria kujiua?"

"Mama, achana na hayo bwana."

"Sikugombezi. Na sitalitangaza. Nikiona uko hatarini nitamwambia daktari, na nitakuambia wewe kwanza. Umekuwa ukifikiria?"

Mama hakuahidi siri ya moja kwa moja. Usiiahidi, maana huenda ukalazimika kuivunja siku hiyohiyo.

Akikubali, endelea taratibu, swali moja kwa wakati:

1. Huwa unatamani tu usiwepo, au unafikiria kujiua hasa?
2. Umeshafikiria utafanyaje?
3. Una nia ya kufanya kweli? Lini?
4. Umeshaandaa chochote?
5. Umewahi kujaribu? Mara ya mwisho ilikuwa lini?

Usiombe maelezo zaidi ya hayo. Unachotafuta ni ukubwa wa hatari. Akijibu ndiyo kwa swali la tatu au la nne, au akiwa amejaribu ndani ya miezi michache iliyopita, rudi kwenye maelezo ya dharura hapo juu. Akikubali lolote kati ya yale mawili ya swali la kwanza, au akijibu ndiyo kwa la pili, bila la tatu wala la nne, anahitaji kuonana na mtaalamu ndani ya siku chache. Usisubiri miadi ya mwezi ujao.

Akinyamaza, usijaze ukimya. Kaa naye. Kimya kirefu baada ya swali la kwanza mara nyingi ni jibu.

*Umefaulu ikiwa:* neno "kujiua" limetamkwa na hakuna aliyekimbia chumba.

## Hatua ya 4: Je, ni wazo la OCD au ni nia?

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayoutofautisha mwongozo huu na mingine ya kuzuia kujiua.

OCD yenyewe inaweza kumletea mtu wazo la kujiua ambalo halitaki kabisa. Anapita darajani, wazo linamjia: "Itakuwaje nikiruka?" Anatetemeka. Kuanzia siku hiyo anazunguka njia nyingine, anawauliza watu kama wanadhani atajiua, anajichunguza kila saa kama bado anapenda kuishi. Mwingine humjia wazo la kumchoma kisu mtoto wake, naye hampendi mtu yeyote kuliko mtoto huyo. Mawazo haya yanamtisha kwa sababu yanapingana na anachokitaka. Mwenye mawazo ya namna hiyo ya kudhuru si mtu wa hatari kwa sababu ya mawazo hayo, na kumwitia polisi kwa kuwa amekiri ni kumfundisha asikiri tena.

Nia ya kujiua husikika tofauti. Wazo la kufa linaleta nafuu kuliko hofu. Linaambatana na "hakuna kitakachobadilika", "mtapumzika nikiondoka". Anagawa vitu vyake, anaaga, anaweka mambo sawa. Wakati mwingine mtu aliyekuwa na dhiki kwa miezi anatulia ghafla bila sababu inayoeleweka. Utulivu huo usiufurahie kabla hujauliza.

Shida ni kwamba mambo haya mawili hukaa ndani ya mtu mmoja. Mtu anaweza kuteswa na wazo la OCD kwa miaka mpaka mateso yenyewe yakamfanya atake kufa. Sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha) ikijiunga na OCD, na hujiunga mara nyingi, mstari unaotenganisha hofu na nia hufifia. Kwa hiyo kanuni ni hii: ukiwa na shaka, ichukulie kuwa ni nia, mwache mtaalamu atofautishe. Si kazi yako kutoa hukumu hiyo mezani.

*Onyo kuhusu mtego:* ukimuuliza kila baada ya saa "uko sawa?", na yeye akikuuliza kila baada ya saa "unadhani nitajiua?", mmeanzisha tendo jipya la lazima. Kubalianeni muda maalumu wa kuulizana, kwa mfano asubuhi na usiku. Dalili mpya ikitokea, uliza muda wowote.

## Hatua ya 5: Andikeni mpango wa usalama

Mpango huu unaandikwa pamoja naye, kwa maneno yake, kwenye ukurasa mmoja. Mpangilio unaotumiwa sana uliandaliwa na wanasaikolojia wa Marekani Barbara Stanley na Gregory Brown, na una sehemu sita. Zifuateni kwa mfuatano huu, kwa sababu kila sehemu ni ya kutumika pale iliyotangulia isipotosha.

Dalili zangu. Nini humjulisha kuwa hali inaharibika? "Nasikitika" haitoshi. "Naacha kujibu simu, naoga mara nne, nawaza kwamba nimeiharibu familia" inatosha.

Ninachoweza kufanya mwenyewe. Kutembea, muziki, kupika, sala. Angalia kitu kimoja hapa: jambo lolote lililo sehemu ya OCD yake lisiingie kwenye orodha. Kama tatizo lake ni kuosha, kuoga hakuwezi kuwa kitulizo chake. Kama hurudia sala mpaka "itoke sawa", sala isiwe ya kwanza kwenye orodha, hata kama mna imani kubwa.

Watu na mahali pa kusahau kidogo. Si lazima awaambie lolote. Kukaa tu na watu kunasaidia.

Watu wa kuwaomba msaada. Majina na namba, baada ya wao wenyewe kukubali kuwekwa humo. Shangazi asiyejua kuwa yumo kwenye mpango hatapokea simu saa nane usiku.

Wataalamu na namba za dharura. Pamoja na jina la hospitali inayopokea wagonjwa saa zote.

Kuyafanya mazingira yawe salama. Hii ina hatua yake hapa chini.

Wenye OCD ya ukamilifu huutaka mpango uwe bila kosa, na huuandika upya mara nyingi mpaka unakuwa tendo jingine la lazima. Wekeni kikomo: unaandikwa mara moja, makosa ya tahajia yanabaki, unapigwa picha na kuhifadhiwa kwenye simu zenu zote.

*Umefaulu ikiwa:* ukimuuliza bila karatasi, anakumbuka vitu viwili vya kwanza.

## Hatua ya 6: Weka mbali vitu vya hatari, bila kulisha OCD

Msukumo mkali wa kujiua mara nyingi hupanda na kushuka ndani ya muda mfupi. Umbali kati ya mtu na njia ya kujidhuru ndani ya muda huo huokoa maisha, kwa hiyo usidharau kufuli.

Fungieni dawa zote za nyumbani, zikiwemo za OCD zenyewe na zile za watu wengine. Mwombeni daktari atoe kiasi cha wiki moja au mbili badala ya mwezi mzima. Sumu za kilimo na za wadudu, na silaha kama ipo, zihamishwe kabisa nje ya nyumba. Alishataja njia fulani? Anzeni na hiyo. Mwambieni mnachofanya na kwa nini. Kuficha kimyakimya huzaa ugomvi siku atakapogundua.

Lakini tofautisheni. Kama mtu hana nia ya kujiua, ila anaogopa visu kwa sababu ya mawazo ng'ang'anizi ya kumdhuru mtu, kuvificha visu vyote kunaiambia OCD kwamba ilikuwa na haki ya kuogopa. Kitendo ni kilekile, na maana yake ni tofauti kabisa. Wakati wa hatari ya kujiua, usalama unatangulia. Hatari ikipita, muulizeni mtaalamu lini vitu virudi mahali pake.

## Hatua ya 7: Mpeleke kwa mtaalamu, na useme haya

Nenda na daftari. Sema mapema, ndani ya dakika za mwanzo: "Ana OCD, na amesema anafikiria kujiua." Wagonjwa wengi huzungumzia kuosha na kuhesabu mpaka muda unaisha, na kifo hakitajwi.

Eleza majibu ya maswali matano, majaribio ya nyuma, mabadiliko ya usingizi, pombe, na dawa. Kama nchi yako bado inaadhibu jaribio la kujiua kisheria, uliza kwanza namna taarifa zinavyotunzwa, lakini usiache kutafuta tiba kwa ajili hiyo.

Mambo ya kujua kuhusu tiba yenyewe:

- Tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa zaidi ni ile ya kumkabilisha mtu na hofu yake hatua kwa hatua huku akijizuia kufanya tendo lake la lazima. Huongozwa na mtaalamu. Usiianzishe mwenyewe kwa kufunga bomba.
- Dawa zinazotumika kwanza ni za kundi linalotumika pia kwa sonona, kama vile fluoxetine na sertraline. Kwa OCD dozi mara nyingi huwa kubwa zaidi, na nafuu huchukua wiki 8 hadi 12. Mwambie hivyo tangu mwanzo, asije akaona wiki ya tatu kuwa ndio mwisho wa matumaini.
- Kwa walio chini ya miaka 25, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa hizi zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua, hasa mwanzoni na dozi inapobadilishwa. Hilo halimaanishi zisitumike. Maana yake mwangalieni kwa karibu wiki hizo, na mkiona kutotulia, ukali mpya au kukosa usingizi, pigeni simu kwa daktari siku hiyohiyo.
- Asiache dawa ghafla kwa kuwa amejisikia vizuri.

*Umefaulu ikiwa:* mmetoka na tarehe ya miadi inayofuata, na mnajua mtampigia nani hali ikibadilika kabla yake.

## Hatua ya 8: Baada ya dharura

Kama alilazwa, wiki za kwanza baada ya kuruhusiwa ni za hatari kuliko ndugu wanavyodhani. Wageni wamepungua, watu wamerudi kazini, na OCD ipo palepale ilipoachwa. Miadi ya kwanza iwe ndani ya siku saba, na yule mtu mzima wa pili awe anampigia simu.

Hapo ndipo mnaweza kuanza, pamoja na mtaalamu, kupunguza namna nyumba nzima inavyoitumikia OCD: kumjibu swali moja mara ishirini, kumnunulia sabuni za ziada, kumkagulia milango. Punguzeni jambo moja tu kwa wakati, kwa kumjulisha siku kadhaa kabla: "Kuanzia Jumatatu nitajibu swali la mlango mara moja. Najua itakuwa ngumu, na naamini utaweza." Tarajieni hasira siku za mwanzo, na kwa kuwa mnaijua inatoka wapi, rudieni hatua ya 2. Ikija pamoja na maneno ya kifo, msiyapime kama ni vitisho au la. Rudini hatua ya 3 mkaulize upya, maswali yote matano, hata kama mliyauliza juzi.